Pawa saplai imezidiwa, nimemsingizia rafiki yangu

Shangazi Regina mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba sana jina langu lisitoke. Najua ukurasa huu ni wa watu wanaosumbuliwa na wachumba, mimi sina mchumba, nina kompyuta, lakini usingizi naukosa kama wao.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, nasoma bweni hapa Mikumi, kwetu ni Vidunda, na ni mwenyekiti wa klabu ya kompyuta, cheo nilichopewa kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri na siku ile hakuna mwingine aliyenyoosha mkono. Klabu ina kompyuta moja ya mezani, ya zamani, iliyostaafu kwenye ofisi ya watu kabla ya kuletwa kwetu, na ndiyo tunayotengenezea video ya mahafali ya kidato cha nne, ambayo wazazi wataitazama ukumbini mwezi ujao. Anayekata na kuunganisha video ni rafiki yangu Mwamvua wa Kilosa mjini, yeye analala juu na mimi chini kwenye dabo deka moja, na nikisema anajua simpambi, maana Mwamvua akikata picha ya mama anayemnyooshea mwanawe kola hata mlinzi anafuta macho, mimi nikikata watu wanabaki bila vichwa.

Dada mmoja aliyesoma hapa alitutumia kutoka Morogoro kadi ya grafiksi, ile ya kuisaidia kompyuta kubeba kazi za video, na kwenye barua yake akaweka onyo moja tu, kwamba kwanza tuhakikishe pawa saplai inatosha, yaani lile boksi la chuma ndani ya kompyuta linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa. Shangazi, mimi nilifurahi kuonywa, kwa sababu fizikia ndilo somo langu. Nikasoma kibandiko cha boksi, nikaona volti 230, ampea 5, nikazidisha kama Mwalimu Onesphory alivyotufundisha, nikapata wati 1,150, nikaandika ubaoni kwa hatua zote, nikapiga mistari miwili chini ya jibu, na wenzangu wakanakili madaftarini ingawa hakuna aliyewaambia wanakili. Mwalimu alipopita akaweka alama ya vema. Nikatangaza kwamba boksi letu lingebeba kadi tatu kama hiyo na bado likabaki na nguvu ya kusaga mahindi.

Tukafunga kadi, kompyuta ikawaka, tukapiga makofi. Mwamvua akaanza kazi ya video, pap, kompyuta ikazimika. Tukawasha tena, pap. Mwalimu akauliza, "Kuna mtu anatumia umeme mwingine humu ndani?" Na mimi mwenyekiti, mwenye jibu la mistari miwili, nikasema, "Mwamvua huwa anapiga pasi mtandio wake hapa, mwalimu."

"Mara moja tu, siku ya Idi!" Mwamvua akasema. "Na kompyuta ilikuwa imezimwa!"

Kupiga pasi kwenye chumba cha kompyuta ni marufuku, kwa hiyo katika maneno yake kilichosikika ni kwamba amekiri. Akaondolewa kwenye klabu pale pale. Tulipotoka nje akaniambia, "Yunis, kama ulikuwa unatafuta mtu wa kulaumiwa ungesema, ningekuletea kaka yangu, yeye ameshazoea." Nikacheka, nikidhani ametania na mambo yameisha. Tangu siku hiyo hajaniita Yunis. Asubuhi akishuka kitandani ananiambia, "Habari za asubuhi, mwenyekiti," basi, mpaka kesho yake.

Kompyuta nayo haikujali kwamba pasi imeondoka, ikaendelea kuzimika, na mimi nikawaeleza wenzangu kwamba nyaya za ukutani bado hazijapona. Hazijapona! Nilisema hivyo mbele za watu, kwa sauti ya mtaalamu.

Jumamosi ya usafi nikafungua kasha la kompyuta kufuta vumbi, nikakisoma kile kibandiko polepole, ndipo nikaona kwamba mstari nilioupigia hesabu ulikuwa wa umeme unaoingia kutoka ukutani. Chini yake, kwa herufi kubwa kuliko zote, imeandikwa jumla ya unaotoka, wati 240. Kadi peke yake inataka 120. Nikarudisha mfuniko, nikafunga skrubu zote, nikanyamaza, na sasa ni wiki mbili.

Nimewaza hivi, kwamba ninunue pawa saplai kubwa kwa akiba yangu ya likizo, niifunge kimyakimya, kompyuta ipone, kisha nimwombe mwalimu amsamehe Mwamvua. Naomba uniambie ninunue ya wati ngapi, na kama mpango wangu una kasoro.

Mimi Yunis (jina limebadilishwa), Mikumi.

Marahaba, Yunis. Mpango wako una kasoro moja, nayo ni mpango wenyewe. Unataka kumwombea mwenzako msamaha wa kosa lako, na pengine akushukuru.

Tuanze na boksi, maana ndilo jepesi. Nimemwita Petro, fundi wa kompyuta wa hapa gazetini, nikamsomea barua yako. Alipofika kwenye kusaga mahindi akaniomba nirudie. Kisha akasema, "Mama, hesabu ya huyo binti ni sahihi kabisa, ila amesoma mstari wa jirani."

Haya, sikiliza. Kadi inakula wati 120, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, weka 65, mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vyote, pamoja na diski na feni weka 50. Hizo ni 235, na boksi lenu likijikaza mpaka mwisho linatoa 240, hapo likiwa jipya, na lenu si jipya. Tena kadi na prosesa zinakula zaidi kwenye mstari wa volti 12, mmoja wa mistari ya umeme unaotoka kwenye boksi, ambao una kikomo chake kidogo kuliko hiyo jumla. Tafuteni ya wati 450 au 500, ya kampuni inayoaminika, yenye angalau ampea 30 kwenye mstari huo wa volti 12, na yenye waya wake wenyewe wa kuchomeka kwenye kadi, msiungeunge. Ukikuta nyepesi kama kopo tupu na imeandikwa wati 800, iache dukani. Kompyuta za ofisini nyingi zina boksi la umbo la peke yake, kwa hiyo pimeni kwa rula, hesabuni pini za plagi inayoingia kwenye mazabodi, na mwende dukani na picha. Wakati wa kubadilisha chomoeni kwanza waya wa ukutani, na lile boksi lenyewe msilifungue kamwe, hata likiwa limechomolewa, kwa sababu ndani hubaki umeme wa kuua. Kwa sasa toeni kadi. Mtafanya kazi taratibu kama zamani.

Akiba yako iweke. Kifaa cha klabu kinunuliwe na klabu, mchana, kila mtu akijua kwa nini kinanunuliwa.

Sasa Mwamvua. Kukosea hesabu si dhambi, mwanangu, hata mwalimu wako aliiwekea vema, na aibu ya kukosea mbele ya watu uliowafundisha naijua, inachoma kweli. Lakini ulitaja jambo lililotokea mara moja ukasema "huwa", ukamtoa mwenzako kwenye kazi anayoipenda ili wewe ubaki na cheo. Halafu ukajua ukweli, ukakaza skrubu juu yake. Hizo wiki mbili hakuna kibandiko cha kukisingizia.

Nenda kwa Mwamvua kwanza, kwa mwalimu baadaye. Mwambie, nilisoma vibaya, nikakutaja wewe nisionekane mjinga, na nimejua kwa wiki mbili. Neno "lakini" liache. Usimwulize kama amekusamehe, hilo atalisema siku atakayotaka, na asipolisema utavumilia. Kisha simama mbele ya klabu nzima, kwa sababu ndipo ulipomtaja, umweleze Mwalimu Onesphory, na umwombe Mwamvua arudi kwenye kiti chake kabla mtu mwingine hajaigusa video ile. Wakikuvua uenyekiti, wape na daftari la kumbukumbu.

Majina nimebadilisha, lakini shule yenye kadi moja na mahafali mwezi ujao haifichiki. Gazeti hili linafika Mikumi na mabasi ya asubuhi, na Mwamvua anajua kusoma. Kama ndiyo kwanza umelishika, bado unaweza kumfikia kabla halijamfikia. Ukurasa usiumalize. Nenda.