Sharti la Bisibisi

Kwa kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba lile goti lako sasa linakubali kukunjika. Sisi huku hatujambo. Mama presha imetulia ila mdomo haujatulia. Jana kaniambia nimekonda kama ufagio uliobaki vijiti vitatu. Sikumbishia. Nimechoka, kaka, hadi ngazi za nyumbani naziona mlima.

Barua yako niliipata wiki mbili zilizopita. Unauliza umjibu nini mkuu wa chuo cha ufundi, anayetaka kujua kabla mwezi haujaisha kama utakwenda kufundisha au utabaki na kibanda chako cha kutengeneza pasi na feni. Unasema unangoja neno langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuambia uvumilie, mwongozo ukitoka vifaa vitafunguka na kazi itarudi. Nilichelewa kujibu kwa makusudi.

Kama unavyojua, kamati yetu iliagizwa iviandikie viwanda mwongozo wa kubuni bidhaa zisizoharibu mazingira: zitumie umeme kidogo, zisivishwe plastiki juu ya plastiki, na zikiharibika zitengenezeke badala ya kutupwa. Mimi ndiye katibu. Kazi yangu ni kusikiliza watu kumi na wawili wakibishana, kisha kuchapa rasimu safi ya kikao kinachofuata. Tumekaa vikao kumi na kimoja. Kimoja kizima, amini usiamini, kiliishia kwenye unene wa katoni.

Sharti la tisa lilikuwa lako. Ulinitumia lile gunia la mabirika ya umeme yaliyokufa, kila moja ukalifunga karatasi kwenye mpini ukieleza kilicholiua. Niliyapanga yote juu ya meza ya mkutano. Watu walicheka, hasa pale ulipoandika kuwa marehemu hakuwa na ugonjwa wa maana, waya mmoja tu ulikatika, lakini kwa kuwa alifungwa kwa gundi daktari alishindwa kuingia. Halafu wakazisoma karatasi moja moja. Ndipo tukaandika kwamba kila kifaa cha nyumbani lazima kifunguke kwa bisibisi ya kawaida. Siku ile nilitoka kifua mbele, nikakupigia simu.

Aliyepinga ni mmoja tu, mwakilishi wa viwanda, tunayemwita Bwana Gundi. Si mtu mbaya. Huniulizia hali ya Mama, kisha hufungua jalada lake na kusema ng'o. Mara skrubu zinapitisha maji, mara mashine za kiwandani bado mpya, mara ngoja awaulize wakubwa wake. Vikao vinne alitupiga danadana kwa sharti hilo hilo, mpaka mwenyekiti akawa ananitazama mimi, utadhani gundi naichemsha mimi.

Mwongozo umepitishwa mwezi uliopita. Una jalada la kijani lenye picha ya jani. Sharti lako halimo kwenye masharti. Limewekwa nyuma, kwenye ukurasa wa ushauri, ambao kiwanda kinausoma kikipenda. Mama nimemwambia viwanda vilituzidi nguvu. Na wewe nilikuandikia hivyo hivyo, barua ya kurasa mbili, nikaichana.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Kaka, aliyelihamisha ni mimi. Hakuna aliyeniagiza. Kikao cha kumi kiliisha bila uamuzi, nikapewa nichape rasimu, na nilipofika kwenye sharti la tisa nikaona vikao vingine vitano vikinisubiri. Mwili ukakataa. Nikalitoa pale, nikaliweka nyuma, nikajiambia Bwana Gundi hatakubali hata tukeshe. Kikao cha mwisho kilichukua nusu saa, wote wamechoka, hakuna aliyeuliza. Walinipigia makofi, nami nikayapokea.

Juzi nilikutana na Bwana Gundi kwenye ngazi za ofisi, akanishukuru kwa moyo mweupe. Akanieleza kwamba siku ya kikao cha mwisho alikuja na barua ya wakubwa wake mfukoni, ya kukubali bisibisi, wakiomba miaka miwili tu ya kubadilisha mashine. Alipofungua rasimu yangu akakuta tumeshalegeza wenyewe, basi hakuitoa. Alicheka sana. Mimi nilikwenda chooni nikalia.

Mwongozo hautaguswa tena kwa miaka mitano. Kwa hiyo usiningoje. Mjibu mkuu wa chuo leo hii, mwambie utakwenda. Najua kibanda hicho ulikijenga mimi sijajua hata kusoma, na ndicho kilichonisomesha mpaka nikaitwa katibu. Wewe ulivumilia miaka mitatu kwa neno langu. Mimi nilishindwa kuvumilia kikao kimoja kwa ajili yako. Nisamehe, kaka.

Nisalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Mama anakusalimu, ukitaka kumwambia ukweli, mwambie, nimekupa ruhusa. Na ukiona mkono mzito kunijibu, usijilazimishe. Nitajua umeipata.

Ni mimi, mdogo wako.