Nyumba Nyuma Yangu

Baraka, tarehe 9 Machi 2003

Kwako Baba mpenzi,

Nakusalimu kutoka Baraka, na Shangazi Godelieve anakusalimu pia. Sisi tuko wazima. Je, kifua chako kimepoa?

Picha uliyojipiga hapo kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilifika. Wewe uko wazi, mahema yako wazi, hata kilima cha mbali. Mwalimu wetu wa fizikia aliishika kwa mikono miwili, nami nikajivuna mbele ya darasa zima.

Umeomba picha yangu mbele ya nyumba yetu, ili uamue kama utarudi. Nimeipiga kwa kamera kubwa uliyoniachia. Shangazi ndiye aliyebonyeza. Filamu nampa mama Hawa, yule mchuuzi wa samaki anayevuka ziwa kwenda Kigoma, uioshe mwenyewe. Nyumba ikionekana kama ukungu, usishangae. Ulinifundisha kwamba filamu pana haipendi kushika mtu wa karibu na kitu cha mbali kwa pamoja. Na sikuthubutu kukifunga sana kitundu cha mwanga, maana uliniandikia kwamba kikiwa kidogo mno hulegeza picha, isiwe kali.

Binti yako,
Émilienne

*

Nyarugusu, tarehe 13 Aprili 2003

Mwanangu Émilienne,

Amani kwenu nyote. Kifua kimetulia. Mwambie dada yangu nimefurahi: safari hii hakupiga picha ya kidole chake.

Filamu nimeiosha. Uso wako! Ningeweza kuhesabu nyuzi za kola ya shati lako la shule. Miaka ishirini ya kazi, sijui kama nimewahi kupiga uso namna hiyo. Lakini nyuma yako kuna giza lisilo na umbo.

Uliyoyaandika ni kweli, ila ni nusu. Filamu ya kamera yangu ya hapa ni ndogo kuliko kisanduku cha kiberiti. Ndiyo maana nikiweka kitundu namba 8 tu, cha wastani, mtu na kilima vyote vinakaa wazi. Nikikifunga mpaka 22, kikabaki kama tundu la sindano, mwanga unatawanyika pembeni, kama wimbi la ziwa linalopenya kati ya mawe mawili. Na kwa kuwa filamu ndogo lazima niikuze sana, ulegevu ule unakua pamoja nayo. Filamu yako pana haihitaji kukuzwa hivyo. Inavumilia 22 bila taabu, na kwa 22 nyumba ingeonekana.

Wewe unalijua hilo. Pete ya kufungia kitundu cha kamera ile uliizungusha kabla hujajua kuandika jina lako. Kuacha kitundu wazi na kumsogeza mtu karibu, ndivyo nilivyofanya studio kila nilipotaka kuficha ukuta uliopasuka.

Nakuuliza bila hasira: nyuma yako kuna nini?

Baba yako

*

Baraka, tarehe 1 Juni 2003

Baba,

Salamu, na unisamehe kukaa kimya wiki nyingi hivi. Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imechanika. Hakuna mwingine ambaye angenishika kwa namba ya kamera.

Nyumba iliungua mwezi wa kwanza, watu wenye bunduki walipopita. Kamera ilipona kwa sababu ilikuwa kwa Shangazi. Yeye alinikataza: "We mutoto, na hiyo kalamu yako! Ukimwambia nyumba iliungua, hatarudia. Arudie kulala juu ya majivu?" Nami nilitaka urudi, Baba. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.

Jana nilimwambia nitapiga nyingine. Akasema, "Basi, umupoteze baba yako." Akaenda jikoni. Baadaye akatoka, akajifuta mikono, akachukua kamera mwenyewe. "Simama vizuri. Kama ni kumwonyesha, tumwonyeshe yote."

Nilisimama hatua sita kutoka kwenye kamera, kitundu namba 22, jua likiwa kali. Hakuna kilichofichwa. Ukiona ni heri ubaki huko, nitaelewa. Ila uniandikie mwenyewe.

Émilienne

*

Nyarugusu, tarehe 6 Julai 2003

Mwanangu,

Pokea salamu, wewe na dada yangu. Mimi ni mzima, na tusifichane tena: nililia.

Kisha nikachukua kioo cha kukuzia. Picha hii ni kazi safi, Émilienne. Wewe uko wazi, na kila tofali nyuma yako liko wazi. Nikaanza kuhesabu. Ukuta wa upande wa ziwa una mistari kumi na minne ya matofali isiyopasuka. Msingi ni mzima. Fremu ya mlango ni nyeusi, lakini imenyooka. Ukuta wa nyuma tutaubomoa, hauna msaada.

Dada yangu hakukosea. Ungeniandikia tu kwamba nyumba iliungua, ningewaza majivu, na ningebaki huku. Majivu siwezi kuyajengea. Mistari kumi na minne naweza.

Navuka na mama Hawa mwanzoni mwa mwezi wa nane, na kamera ndogo na kilo tatu za misumari. Anzeni kufyatua matofali. Jua la kiangazi halingoji mtu.

Baba yako, na fundi mwenzako,
Anatole