Hodi ya Tatu

Mama yangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Goti lako linaendeleaje na mvua hizi? Na Zuwena, anayekusomea haya kutoka kwenye simu yake, bado anakimbilia mwisho wa habari kabla ya mwanzo? Dada, safari hii soma polepole. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila usingizi haba. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwa mdomo ungenikataza kabla sijamaliza.

Uliniuliza mji huu ukoje. Ni mdogo. Ukitoka stesheni ya treni unavuka mto kwa daraja la mawe, unapanda kidogo, umefika sokoni. Ukizidi kupanda unakuta ngome iliyobaki kuta tupu, kisha mashamba ya mizabibu. Zamani watu wake walitajirika kwa kuuza chumvi. Wakati wa vita uliungua, wakaujenga upya kwa kufuata picha za zamani, hata madirisha yakarudi palepale. Mbele ya baadhi ya milango, chini kati ya mawe ya njia, wamepachika vibao vidogo vya shaba vyenye majina ya Mayahudi waliotolewa ndani ya nyumba hizo wakaenda kuuawa, majirani wakitazama. Kimoja kipo njiani kwangu kwenda kazini, kwenye ghala la vipuri ninakoandika hati za mizigo. Kila asubuhi nakikwepa nisikikanyage. Silinganishi vifo, Mama, Mungu anisamehe. Ila nilipojua maana yake niliwaza kwamba hapa wamekubali kuwa mlango una kumbukumbu. Sisi huko kwetu Wawi tuliambiwa tusahau.

Mimi sikusahau. Adhuhuri ile Baba aliposhikwa na kifua, mwenye gari mtaani alikuwa Bwana Seif peke yake. Nilisimama nyuma yako barazani kwake. Ulipiga hodi. Ndani redio ilikuwa ikisoma taarifa. Ulipopiga ya pili, ikaongezwa sauti. Ya tatu haikujibiwa, nawe ukageuka, kwa kuwa ndivyo tulivyofunzwa, hodi tatu kisha mtu arudi. Baba tukampakia kwenye gari la ng'ombe. Hakufika hospitali ya Chake. Msibani Bwana Seif alikuja na mfuko wa mchele, ukamwambia ahsante.

Halafu mwezi uliopita ukaniletea salamu kuwa mwanawe, Sabri, anakuja kusoma katika mji huu huu, nimpokee. Nilikujibu inshallah, nikaanza kupanga.

Hapa mlango wa chini wa jengo hufungwa daima, na pembeni yake kuna vitufe vya kengele, kila kimoja na jina la mkaazi. Jina lako lisipokuwepo, wewe hupo. Hata tarishi hurudi na barua zako. Jumapili maduka hufungwa na mji hunyamaza. Hata chupa tupu hazitupwi pipani siku hiyo, zisije zikapiga kelele. Sabri alikuwa afike Jumapili. Asubuhi nilishuka nikabandua jina langu, nikazima simu, nikapanda juu nikawasha redio.

Nilimtazama kwa upenyo wa pazia. Alikuja na begi kubwa na kofia ya viua iliyodariziwa kama za kwetu, akayapitia majina kwa kidole, akayapitia tena. Akarudi nyuma kidogo, akainua kichwa, akaita kama yuko Wawi: "Hodi! Hodi wenyewe!"

Jumapili, Mama! Madirisha yakafunguka mtaa mzima. Niliongeza sauti ya redio, na ikawa tamu moyoni, sikufichi. Akaita ya pili. Akaita ya tatu. Kisha akabeba begi lake akageuka, kwa adabu ileile iliyokugeuza wewe.

Aliyeniharibia ni Bi Hedwig, mjane anayekaa chini yangu. Alimkimbilia na viatu vyake vya ndani, akamleta hadi mlangoni kwangu. "Bwana Faki, una mgeni! Na redio yako inasikika mpaka kanisani. Leo Jumapili!"

"Kaka Faki, kumbe upo!" Sabri akacheka. "Nilidhani nimekosea mji." Akatoa halua yako. "Mama yako kanambia ukila hii utanipenda kwa nguvu."

"Nani kakwambia nina mpango wa kukupenda?"

"Basi nichukie, lakini kula. Halua si yangu."

Nikala. Nikampa chai. Nikamsikiliza shida yake. Bila hati inayoonyesha unakaa wapi, manispaa haikuandikishi, na usipoandikishwa huna benki wala chuo. Vyumba havipatikani. Mwenye nyumba wangu hana neno Sabri akikaa nami, mradi mimi nitie saini.

"Nitatia," nikamwambia. "Kwanza baba yako aende kwa Mama."

"Akafanye nini?"

"Apige hodi."

"Hilo tu? Kaka, ni nyumba ya nne!"

Akampigia palepale, sauti ikiwa wazi. "Baba, Kaka Faki anataka uende kwa mamake ukapige hodi, ndio nipate saini."

Nilisikia redio nyuma yake. Kisha ikazimwa. 

"Nikapige hodi," Bwana Seif akasema taratibu. "Faki yupo hapo?"

"Nipo. Shikamoo." Niliuchukia ulimi wangu.

Hakusema marahaba. Alisema, "Nitakwenda."

Sabri hajui chochote. Babake ndiye amwambie.

Najua utataka kuinuka kwa hodi ya kwanza, na utasema tumwachie Mungu. Mimi naogopa, Mama, naogopa hata nikiandika. Lakini redio ya Baba ipo juu ya kabati. Zuwena, itie betri mpya. Mkimwona anakuja, iwasheni. Hodi ya kwanza, nyamazeni. Ya pili, ongezeni sauti. Ya tatu msiitike. Mwacheni ageuke, aone nyumba nne zilivyo mbali kwa mtu aliyerudishwa mlangoni. Siku hiyohiyo nitatia saini. Mimi namdai hodi tu. Kufunguliwa sikumwahidi.

Nisalimie Mzee Kombo mwenye gari la ng'ombe, ambaye hakungoja kuulizwa mara mbili, na mama mdogo aliyetupikia siku zote za tanga la Baba. Shehe wetu wa chuo cha Kurani mpe salamu, ila habari hii asiisikie.

Mwanao muoga, aliyekwisha kurudisha jina lake kwenye kengele na kuacha nafasi chini yake kwa jina la pili,

Faki