Mkono Uliopimia Samaki

Mama Atieno wangu,

Kibanda bado kiko pale pale sokoni Kibuye, na karai ni lile lile. Kilichobadilika ni mtu anayesimama nyuma yake. Ni mimi. Mwanaume mzima na aproni yako yenye maua, nageuza samaki wa ngege kwenye mafuta huku safu nzima ya akina mama ikinitazama kama sinema ya bure. Wiki ya kwanza jirani yako Mama Wanjiru, yule wa viazi, aliniuliza kwa sauti iliyofika hadi kwenye mitumba, "Baba Atieno, kwani umeolewa?" Nikamwambia ndiyo, na mahari bado sijaiona. Ungekuwepo ungecheka mpaka ushike meza.

Nilidhani naijua biashara hii. Miaka yote hiyo kazi yangu ilikuwa kukubebea barafu na kutoa maoni. Nilikuona kule ufuoni Usenge ukichagua samaki, na kipimo chako kilikuwa kimoja tu: unamlaza samaki juu ya mkono wako, kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, na asiyefika anarudi kwa mwenyewe. Omondi, mwuzaji wetu, alikuwa analia kila asubuhi.

"Mama, hii ni kubwa. Imejikunja tu na baridi."

"Basi iambie ijikunjue."

"Yawa, Mama! Utamaliza biashara yangu."

"Mimi ndiye namaliza? Ukiniuzia watoto leo, mwaka kesho utaniuzia nini, mawe?"

Maji ya kuoshea samaki nayo hukuyamwaga mtaroni kama wengine. Uliyachuja, magamba na matumbo ukampa yule mama anayefuga kuku, maji ukayabeba mpaka kwenye ile migomba nyuma ya soko. Nilikuuliza unajisumbua nini, na mtaro wenyewe ni mchafu tayari. Ukasema mtaro ule unaishia ziwani, na ziwa ndilo stoo yetu. Na mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, safu yote ililia kama imefiwa, ila wateja wako walikuwa wamekwisha kuzoea kuja na bakuli kutoka nyumbani. Uliwazoesha kwa ujanja: mwenye bakuli aliongezewa supu, asiye na bakuli aliongezewa hotuba.

Halafu Akinyi, msaidizi wako. Alipojifungua mapacha ulimlipa kama kawaida na ukakaanga peke yako, miguu imevimba. Nikakwambia, "Mama Atieno, wewe si serikali." Ukanijibu bila kugeuka, "Ndiyo maana najua kwamba amejifungua."

Ulipotutoka niliapa sitabadilisha kitu. Nikaenda Usenge, nikakunja shati, nikamlaza samaki wa kwanza juu ya mkono wangu. Hakufika. Wa pili hakufika. Mkono wangu unaujua, ule wa kutoa sufuria juu ya kabati bila stuli, lakini asubuhi ile mimi sikukumbuka urefu wake. Nilikataa kreti nzima. Omondi alinitazama kidevu mkononi.

"Baba Atieno, unatafuta samaki ama mamba?"

Nilirudi mjini na barafu na heshima yangu. Safari iliyofuata ikawa vilevile. Nikaanza kuwahutubia akina mama kwamba ziwa limekwisha, na wao wakinitazama huku wakigeuza samaki wao. Mwishowe jiko likapoa kabisa, nikamwambia Akinyi akae nyumbani kwanza mpaka mambo yawe mazuri.

"Nikae mpaka lini, Baba?"

Alikunja leso yake akaenda, nami nikabaki nalinda karai tupu.

Binti yetu Atieno alikuwa amekuja kutoka Nakuru kuniona, akaamua kunisindikiza Usenge. Nikapima, nikakataa, kama kawaida yangu mpya. Ndipo Omondi akavuta gunia kutoka chini ya meza. Visamaki vidogo vitupu, vingine havijafika hata kiganja. "Chukua hizi, nakuachia bei ya ndugu. Ukishakaanga nani atajua?" Niliinama nikalishika lile gunia, Mama Atieno. Nilikuwa nawafikiria mapacha wa Akinyi.

"Baba," Atieno akasema, "hapo ulikuwa unapima na mkono wa nani?"

Akapandisha mkono wa sweta, akachukua ngege mmoja kati ya wale niliowakataa, akamlaza. Akafika. Mwingine, akafika. Ulikuwa mkono wako, uleule, umelala kwenye meza ya Omondi. Ilibidi nisogee kando kidogo nikaangalie mashua. Niliporudi nilisukuma gunia lake chini ya meza kwa mguu, na tukakata kijiti cha urefu wa mkono wa Atieno, kwa sababu yeye ana kazi yake Nakuru na mimi siwezi kumwazima kila asubuhi.

Akinyi alirudi kesho yake. Lakini nisikudanganye. Hata kwa kipimo cha haki, siku nyingine samaki wanaofaa hawajazi nusu ya karai. Siku hizo nusu iliyobaki tunakaanga viazi vya Mama Wanjiru, na faida tunagawana. Ndugu zako wanasema nimeuza ukoo kwa watu wa Nyeri, kwao Mama Wanjiru. Wanasema hivyo wakitafuna viazi hivyo hivyo.

Asubuhi ya leo Akinyi ameenda Usenge mwenyewe, kwa mara ya kwanza, aliniomba, nikamwachia. Nimebaki nawasha jiko na kukuandikia. Amepiga simu sasa hivi.

"Baba, leo zinazofaa ni kidogo sana. Omondi anataka nijazie na ndogo."

"Nawe unasemaje?"

"Mimi nishamkatalia. Nilikuwa tu nauliza, viazi viko?"

Nikageuka kumtafuta Mama Wanjiru. Alikuwa ameshaanza kumenya.

Pumzika, mke wangu. Acha nipulize moto.

Mumeo,
Baba Atieno