Maji Yanayongoja Kuguswa

Zawadi mujukuu wangu, salamu toka Jabe. Mama yako hajambo, mvua imezidi tu. Unaniuliza kama nimeelewa kazi yako: mawingu ya huko kwenye barafu yana maji ya baridi kali yasiyoganda mpaka yapate kavumbi ka kushikilia.

Nimeelewa. Nikiwa kigori, Ramadhani moja, nilitoa chupa ya maji kwenye frigo, pale juu panapogandisha, kabla ya futari; yalikuwa bado maji tu. Nilipoigonga mezani, maji yote yakawa barafu. Mama akapiga kelele, "Weka chini, jini hilo!" Baba akacheka: "Yalikuwa yanangoja kuguswa."

Sasa unasema mutapita na ndege ndani ya mawingu hayo. Mutoto wangu, ndege si itayagusa? Muulize rubani kabla hujapanda. Hata kama ni mutu muzima, usione haya.

Bibi yako, nimeshaanza dua.