Nusu Karatasi ya Baba Brian

Jumanne

Kwa hivyo ile karatasi haikuwa na kazi.

Asubuhi nimeenda benki kuu mjini na abstrakti ya polisi, ile ripoti ya moto ulioteketeza nyumba yetu, na ile nusu iliyobaki ya karatasi ya bondi zetu za serikali. Nilikuwa nimeifunga kwa leso isije ikamomonyoka. Mama wa kaunta ameandika namba ya kitambulisho changu kwa kompyuta. Leso hata hajaigusa.

"Mama, usijali. Bondi zenu ziko hapa, ziko salama. Hiyo ilikuwa tu karatasi ya kuwaonyesha. Unaweza hata kuitupa."

Nikasema asante. Nadhani nilipaswa kufurahi. Nimekaa kwa ngazi za nje mpaka askari wa mlangoni akaniuliza kama niko sawa.

Halafu Upper Hill, wodini. Mume wangu, Baba Brian, bado amefungwa bandeji mikono yote miwili, mpaka kwa viwiko. Sote tulikuwa tumeshatoka nje, watoto pia, aliporudi ndani kuitafuta hiyo karatasi. Daktari hasemi kama atashika randa tena. Fundi wa mbao bila mikono, sijui...

Nikamnywesha chai, ilikuwa imepoa. Akauliza, "Ile nusu imesaidia?"

"Bila hiyo wangenifukuza."

Akatabasamu, mara ya kwanza tangu tuungue. Akasema niiweke vizuri.

Nimeitia ndani ya Biblia ya dada yangu, hapa Kabiria anakotuhifadhi. Sasa itabidi niitunze maisha yangu yote.