Kadi Iliyoshuka Yenyewe

Mdogo wangu,

Huku hatujambo. Kompyuta uliyomtumia Mama inafanya kazi, ila ina kiherehere. Yeye anataka kuandika vipimo vya wateja wake wa kushona tu; yenyewe inamletea michezo asiyoiomba, na kila asubuhi inamtaka aingie kwenye akaunti.

Unakumbuka ilivyogoma kufunguka bila akaunti? Ukaniambia kwa simu, "Dada, weka yangu, yaishe." Nikaweka. Kumbe kila unachohifadhi kwenye simu yako kinashuka huku.

Jumanne ilishuka kadi ya harusi yako. Mama hakuwa na miwani, akaniomba nimsomee. Ningeweza kuruka mstari. Sikuruka. "Mtoto pekee wa marehemu," kisha jina la Mama, lote.

Alimaliza kupiga pasi kola, ndipo akauliza, "Nilikufa lini?"

Leo nimempiga picha akiwa ameishika kompyuta, kadi hiyo ikionekana kwenye kioo, nimeihifadhi humu humu. Kinachowekwa huku hupanda huko. Mchumba wako akiiona, mtambulishe mwenyewe.

Wako,
Dada usiyekuwa naye